Hesabu za Usiku wa Jumapili

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanza,
na mimi, mweka hazina, bado najumlisha.
Daftari ni la shule, mgongoni lina jedwali la kuzidisha,
jaladani duara la kikombe alichokitua Ochwo
siku aliyokuja kuniambia, Shemeji, tutengeneze filamu,
kana kwamba anasema tuchinje kuku.

Emusugut wa bodaboda: elfu tano.
Sharti: pikipiki ionekane, upande usio na mkwaruzo.
Wanywa malwa wa nyuma ya stesheni: elfu ishirini,
zilizochangwa mrija kwa mrija,
nusu yake sarafu, zinanuka wimbi mpaka leo.
Mwalimu Nyafwono hana pesa, katoa koti la marehemu kaka yake
aliyekuwa akipeperusha bendera za reli. Vifungo vitatu. Nimevihesabu.
Mtu mmoja aliye Doha, mlinzi wa ghala,
alituma laki mbili kwa simu na neno moja: Fanyeni.
Uso wake siujui. Nimemwandika kwa wino mwekundu.

Mchungaji katoa jenereta,
mradi katika filamu asiwemo mlevi.
Nimemwambia hayumo.
Yumo, ukurasa wa tisa, na ni Ochwo mwenyewe.
Mungu anivumilie hadi Ijumaa.

Maana mwisho ni Ijumaa. Kamera ni ya Wandera, mpiga picha wa harusi,
na Jumamosi ana bibi harusi Malaba.
Siku tano, hakuna ya sita,
hata mvua ya Tororo ije kutuomba radhi.

Bunduki kachonga Oketcho kwa kipande cha mvule,
ikapendeza mno, hata askari wa kweli akaja kuuliza kibali.
Mwenyekiti wa LC akatuandikia barua yenye muhuri:
Silaha hii ni mti.
Damu tulipika kwa choya na unga wa muhogo,
watoto wakaionja, wakairudia, ikabaki nusu sufuria.
Kifo kimoja kimeondolewa kwenye hadithi.
Moshi hatukununua. Kiwanda cha saruji kitatupa vumbi lake,
kama kinavyotupa kila siku, juu ya migomba, ndani ya kikohozi.

Jioni tulikuwa tukifuta kadi ya kamera ipate nafasi.
Harusi juu ya harusi. Keki, futa. Mashangazi, futa.
Mama Akongo alikuwa pembeni akichambua kunde
(mchango wake: chakula cha mchana, siku zote tano).
Akasema, Simamisha hapo.

Kwenye kioo kisichozidi kiberiti
mumewe, shati limechomoka, anacheza nyuma ya bibi harusi,
mwaka mmoja kabla machimbo ya chokaa hayajamwangukia.
Anacheza vibaya. Vibaya kwelikweli.
Mama Akongo akacheka mpaka ungo ukamponyoka.
"Ngoma kushoto, yeye kulia," akasema,
akainama kuokota kunde, moja moja, muda mrefu
kuliko kunde zilivyokuwa nyingi.

Hakuomba kitu.

Sekunde arobaini na moja.
Wandera akasema zikibaki, picha yetu ya mwisho,
ile ya treni inayoondoka, itakatika kabla ya behewa la nyuma.
Ochwo akanitazama mimi,
kana kwamba sekunde nazo ni shilingi.
Nazo ni shilingi.
Nikafungua daftari, nikaandika:
Zimetoka, arobaini na moja. Zimekwenda kwa,
na hapo nikaacha wazi.

Sasa ni saa tisa. Tumepungukiwa elfu nne na mia tano,
betri moja imejaa, ya pili inawaza.
Ochwo yuko uani gizani, anajaribu neno "Anza",
mara kwa ukali, mara kwa upole, hajaamua.
Na jogoo wa Mzee Oboth, yule ambaye hajachangia hata senti,
ameshaanza kelele atakazotuharibia nazo asubuhi.
Naye nimemwandika, mstari wa chini kabisa:
Jogoo. Sauti. Bure.