Nusu Inchi

Daftari langu la vipimo lina jalada la kijani,
mende wamelila pembeni, lakini namba zinasomeka.
Ukurasa wa kumi na tisa, mwaka sitini na nne:
Tangeni. Kifua thelathini na tatu. Kiuno ishirini na saba.
Mkono wa kulia, ishirini na tano.
Mkono wa kushoto, ishirini na nne na nusu.

Nikapima tena. Nilidhani futi yangu imevutika.
Akacheka, Kiswahili chake kikiwa na umri wa wiki tatu:
"Hapana, fundi. Futi mzuri. Mkono ndiyo baya."
Rungu la polisi, huko kwao ng'ambo ya Kalahari,
siku darasa zima lilipogoma kuisimamia bendera ya wageni.
Mfupa uliungwa porini, na mtu mwenye haraka.

Alifika Dar kwa miguu, kwa lori la mahindi, kwa treni,
akapata chumba Mtaa wa Mchikichi, yeye na wenzake sita
na mashine ya kuchapa iliyokosa herufi h.
Matangazo yao ya mikutano yalidai uuru,
na Kariakoo ikayasoma hivyo hivyo, ikaelewa.
Mchana Mlimani, vitabu vya sheria;
usiku stensili, wino mpaka masikioni.

Alipotaka suti hakuwa na kitu.
"Naenda kusema mbele ya mataifa," alisema,
"siwezi kwenda na shati hili."
Nikamkatia tetroni ya kijivu, shilingi themanini na tano.
Akatoa kumi na tano.
Iliyobaki niliiandika kwa penseli,
maana deni la wino humtia mtu aibu.

Kisha miaka. Cherehani ikabadilishwa mkanda mara saba.
Asubuhi moja Mwanaheri alinifungia vitumbua kwenye gazeti,
nikamkuta yumo ndani ya mafuta:
Tangeni, kati ya wazungu wawili na maikrofoni,
mwakilishi wa nchi ambayo haikuwamo bado kwenye ramani.
Suti ya sufu, ya huko huko, nzuri.
Lakini mkono wa kushoto umemmeza kifundo.
Nikamwambia Mwanaheri, tazama, wamempima upande mmoja,
wakadhani binadamu ana pande mbili sawa.
Akasema, kula, vinapoa.

Mwaka tisini na mbili bendera yao ikasimama mbele ya baraza langu,
ndogo, juu ya gari jeusi.
Mtoto mmoja akaigusa, dereva akamkaripia.
"Balozi," nikasema.
"Fundi," akasema.
Tukanyamaza, kama watu wawili waliobeba kabati
na hawajui waliweke wapi.

Nikafungua daftari. Shilingi sabini.
Basi akaanza! Mtu aliyekaa mezani miaka ishirini na mbili
akibishania mpaka, bandari, tarehe, mkato,
akabishana na mimi: shilingi imeshuka thamani,
shahidi hakuwepo, na penseli si hati.
Nikamwambia, lipa au rudisha suti.

Akacheka hadi akakohoa.
Kisha akasema suti ile alizikwa nayo mwenzake,
yule mrefu aliyekuwa akizungusha mpini wa mashine.
Hawakuwa na sanda, na yeye alikuwa na suti.
"Ilimkaa?" nikauliza,
kwa kuwa sikujua kuuliza jambo jingine.
"Kushoto ilikuwa fupi kidogo."

Nikatafuta ufutio mezani, chini ya vitambaa,
sikuuona, nikaacha.
Nikamwambia, simama, nyoosha mikono.
Kifua arobaini na mbili.
Kiuno, hilo ni tumbo la karamu za serikali, silitaji.
Kulia, ishirini na tano.
Kushoto namba nilikuwa naijua.
Nikapima hata hivyo, taratibu,
naye akautazama ukuta.