Ngazi ya Kumi na Nane

Ngazi ishirini na moja nilizichapa usiku,
kutoka weupe wa karatasi hadi nyeusi ti.
Kuanzia ya kumi na nane zimeshikamana,
masizi juu ya masizi.
Skaidrīte akaja na chai, akainama kutazama:
"Mamako amevaa koti, au ametumbukia kwenye lami?"

Kwenye skrini koti lina vifungo.
Kwenye karatasi ya pamba, yenye kiu,
vifungo vimemezwa na wino.

Basi nikaushika mstari wa toni kule chini,
pembeni mwa giza, nikaupinda
upana wa unywele.
Si zaidi. Ukiuvuta kwa pupa
koti hugeuka jivu
na uso wa mtu hupata homa.

Chapa. Ngoja. Wino mbichi ni mwongo,
neno lake la kweli hulisema ukikauka.
Nje, mfereji wa Liepāja umeganda,
theluji juu yake nyeupe pe,
haina ngazi hata moja.

Asubuhi: kifungo cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu hakipo.
Kuna uzi tu, unaning'inia.
Miaka arobaini picha hii ukutani kwetu,
tumeipangusa vumbi kila Jumamosi,
na uzi huo hakuna aliyeuona.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya.
Skaidrīte akaweka kikombe.
"Uache," akasema. "Usimshonee."

Nikauhifadhi mstari, nikauita Uzi.
Karatasi zimebaki nne.