Utepe wa Deolinda

Deolinda aliufunga utepe mwekundu
kwenye wavu wa feni ya ukutani,
kipande cha pindo la sketi ya binti yake,
ili tujue: ukipepea, tunavuta hewa;
ukilala, tunavuta gome la mwaloni.

Tangu Jumanne ulikuwa umelala.

Umeme wa Ureno ni ghali, alisema Bwana Quaresma,
na madirisha yakiachwa wazi, vizibo vya divai vinaharibika.
Haya, vizibo visiharibike.
Vumbi jepesi, rangi ya mdalasini,
lilitua kwenye nyusi, kwenye mkate,
juu ya saa, na juu ya mtakatifu wa karatasi
tuliyembandika chini yake.
Abílio alikohoa mara mbili kabla ya mashine kuwaka;
baada ya hapo tuliacha kuhesabu.
Daktari alimwandikia dawa ya maji.
Hakumuuliza anafanya kazi wapi.

Alhamisi akaja mkaguzi na kidaftari.
Dakika kumi kabla hajafika, feni ilinguruma,
utepe ukatoka nje kama ulimi wa mtoto mtundu.
Akautazama. Akaandika: hewa, safi.
Deolinda, mikono ndani ya aproni, akamwambia polepole,
"Umekaribishwa, bwana. Kesho njoo bila kubisha hodi."

Yule bwana alifunga kidaftari.
Hakujibu ndiyo, hakujibu la.

Gari lake lilipopinda kona ya kanisa
tulisikia swichi.
Utepe ukalala,
upande mmoja mwekundu, upande mmoja mdalasini.

Kesho yake hakuna aliyeitazama feni.
Tulikuwa tunautazama mlango.