Ngiri

Kwenye daftari la kikoba chetu, Mbagala Kizuiani,
ukurasa wa kumi na saba,
jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu:
mkopo wa dharura, laki moja na ishirini.
Sababu: ngiri.

Niliidanganya karatasi huku ikinitazama.
Mfuko wetu una mlango wa msiba,
una mlango wa uzazi, wa kupasuliwa, wa nyumba iliyoungua.
Hauna mlango wa mtu anayeamka saa tisa usiku
kuchomoa balbu zote
kwa sababu balbu zinamsikiliza.

Kondo ni mdogo wangu, fundi friji.
Jina la babu, maana yake vita;
tulikuwa tukimtania: vita gani wewe, unaogopa kuku.
Friji za nusu mtaa zimepita mikononi mwake.
Sasa wenye friji wakimwona wanavuka barabara.

Kwanza tulimpeleka kwa mtu wa Kisarawe.
Jogoo mwekundu, kaniki, elfu themanini ya kufungua njia.
Hapo ukoo mzima ulichanga,
hakuna aliyeuliza risiti.
Nilipotaja hospitali, shemeji akakohoa,
simu za wengine zikaanza kukosa mtandao.

Basi nikajifunza mwenyewe.
Kliniki yao ni Jumanne, jengo la nyuma,
unapita mochwari, unapita tangi la maji.
Ukifika saa kumi na mbili umechelewa.
Daktari ni mpole, na foleni yake haina mwisho.
Na "dawa ipo" si sawa na "dawa ipo dirishani."
Dirisha husema: hii imeisha, kanunue nje.
Nje ni ng'ambo ya barabara.
Nje ni elfu arobaini na tano.

Bima? Ilikuwa ya kiwanda cha barafu, Chang'ombe,
nacho kilimwachisha kazi
wiki ileile alipoanza kuihitaji.

Nikauza friji.
Ile aliyoifufua mwenyewe mara tatu.
Nikamwambia imeharibika, nimeitupa.
Akanyamaza sana.
"Kwa nini hukuniita?"

Mwezi wa pili, ngiri.
Mwezi wa nne, ngiri tena.
Mwezi wa saba ngiri imerudi, na riba yake.
Mama Tunu, mwekahazina,
mwanamke anayehesabu sarafu mara mbili na wewe mara tatu,
alinishika mkono wenzetu wakikunja mikeka.
"Ngiri hii," akasema, "inatibiwa wapi?"
Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.
"Nauliza kwa sababu binti yangu naye ana ngiri.
Tangu ajifungue.
Anasema mtoto si wake, wamembadilishia."

Hatukulia, palikuwa na watu.
Nikachukua kikaratasi cha luku, nikaandika nyuma:
Jumanne. Jengo la nyuma.
Beba chai, beba na kitu cha kukalia.
Usinunue dawa duka la kwanza,
nenda la tatu, yule kijana anakukatia nusu pakiti
na haulizi ya nani.

Jumanne tulikuwa benchi moja:
mimi, Kondo, Mama Tunu,
binti yake amejifunika kanga hadi machoni,
mtoto amelala kwenye mapaja ya bibi.
Joto limetukalia. Feni ya darini imesimama,
na mtu ameifungia kamba ya viatu
ili isianguke.

Kondo, ambaye hakuwa amesema neno tangu Ijumaa,
aliinua uso akaiangalia muda mrefu.
"Haijafa hiyo," akasema.
"Kilichokufa ni kapasita.
Elfu tatu tu."

Binti akashusha kanga kidogo,
naye akatazama juu.