Nyuzi

Jumatatu Ragnfrid alifunguliwa plasta.
Mkono wa kushoto umerudi mwembamba,
kama wa kuazima.
Kwa ule wa kulia anazungusha hadubini.

Samoni huyu aliangua Machi,
maji yakiwa nyuzi nne,
kiini cha yai kikining'inia tumboni,
masurufu ya wiki sita.
Tangi la jirani lilikuwa nyuzi nane.
Joto tu hilo, na hesabu ya mnofu haifanani.

Kipande ni chembamba kuliko karatasi ya sigara.
Chini ya ngozi, ukanda mwekundu: nyuzi za subira.
Ndani, nyeupe, za kukurupuka.
Na katikati ya zile nene, zimejipenyeza
nyuzi changa,
nyingi, hazikualikwa.

Samaki haridhiki na alichozaliwa nacho.
Huongeza kwanza. Kunenepesha baadaye.

“Sisi,” alisema daktari akikusanya vipande vya plasta,
“zako ni zile zile. Hunenepa, hukonda.
Usingoje mpya.”

Theluji inafunika mabwawa ya Skarvøya.
Anaandika: elfu saba mia mbili na tatu.
Chini ya meza mkono wa kushoto
unaminya mpira wa tenisi,
unawaambia waliomo:
sogeeni, jazeni,
hakuna mwingine anayekuja.