Dakika Nzima

Sista Kadzo alinifunza kuhesabu.
Si pesa, si siku. Pumzi.
"Mfunue fulana, mtazame tumbo.
Likipanda likashuka, hiyo ni moja.
Na usikatize. Dakika nzima."
Nikaazima saa ya Bi Mishi,
ile ya mkanda uliochanika,
mshale wake ukiruka kama panzi.

Ilianza Jumanne, jambo la kudharauliwa.
Shee alirudi chekechea
na michirizi miwili ya kamasi,
akambusu nduguye puani, kwa mapenzi.
Nduguye ana wiki kumi na moja,
na tano katika hizo zilikuwa haki ya tumbo langu.
Hilo sikulitia hesabuni.

"Mafua tu hayo," alisema Mama Zuhura
akigeuza viazi karai pale chini,
moshi wa jiko lake ukipanda ngazi zetu
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Mafua tu, nikasema nami.
Nikampaka mafuta ya nazi, nikamviringa leso.
Chumba kimoja hapa Majengo, watu sita,
dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Na kwa Shee yalikuwa mafua tu kweli.
Siku tatu akapenga, ya nne yuko uani na mpira.
Kwangu, koo la miba na kichwa kizito.
Maradhi ni yale yale,
ila mgeni hupimwa na ukubwa wa nyumba:
penye nafasi hukaa, hunywa chai, huaga.
Twalib hana nafasi.
Njia zake za hewa ni nyembamba kuliko mrija wa soda.
Kamasi ya kwangu mimi ni ya kufuta kwa leso;
ya kwake ni mlango uliofungwa.

Ijumaa hakunyonya.
Alilishika titi, akaliacha, akalitazama
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.
Kifua kikapiga mluzi.
Chini ya mbavu ngozi ikazama kila alipovuta,
kibakuli kidogo kikijaa kivuli.
Nikahesabu: sitini na nane.
Nikasema saa ya Bi Mishi imechoka.
Nikarudia.
Sabini na moja.

Tuktuk mpaka Makadara.
Dereva alitupia jicho kiooni,
akaona rangi ya midomo ya mwanangu,
hakutaja nauli tena.

Wakambana kidole kwa kitu chenye taa:
themanini na nne.
Wakamtia mrija wa hewa puani.
"Ni kirusi," daktari alisema, "hatuna dawa ya kukiua.
Tunamshika mkono tu apumue, mwili upigane."
Kisha akainua picha ya kifua dirishani.
Upande wa kulia, wingu.
"Hii sasa ni nimonia. Imepita mlango uliofunguliwa na mwenzake.
Hii tunayo dawa yake."

Usiku nne nililala kwenye kiti cha plastiki.
Usiku wa tano akanyonya,
kwa hasira, kama anayedai deni.
Arubaini na sita. Nililia mpaka muuguzi akanikaripia.

Asubuhi yake simu ikalia.
Bi Mishi. Miaka sabini na tatu, na sukari,
anakohoa tangu Jumapili na kuficha.
"Sikutaka kukuongezea wahaka, mwanangu."
Sote tulimtazama mtoto.
Hakuna aliyemtazama aliyembeba mtoto.

Wamemlaza jengo la pili.
Nikapanda nikamkuta ameegemezwa mito,
mabega yakimsaidia kuvuta,
maneno yakimtoka mawili mawili.
"Saa yangu," akasema.
"Nirejeshee. Nataka. Kujua zangu."
Nikamfunga mkononi, mkanda ukiwa umelegea.
Akaanza kuhesabu kwa midomo, bila sauti.
Kumi. Kumi na moja.
Usingizi ukamchukua katikati ya dakika.

Nikamalizia mimi.
Thelathini na mbili.
Nikaiandika nyuma ya risiti ya dawa za mtoto,
nikatoka mbio kumtafuta Sista Kadzo.