Chuma Hakilali Uchi

Usilete mchanga wa pwani, nilimwambia Chinguile,
hata kama ni wa bure, hata kama ni mweupe kuliko unga.
Una chumvi. Utakichubua chuma, kisha ukirithishe ugonjwa.
Akaenda Mambi na kirikuu ya kukodi,
akarudi na magunia kumi na moja ya mchanga wa mto.
Tukauanika. Tukauchekecha
kwa chekeche la bibi yake, la unga wa muhogo.
(Bibi hajui. Asijue.)

Leo Chikongola yote inatusikia.
Kompresa inakoroma kama mwenye deni la usingizi.
Nimevaa kofia ya bati yenye kioo, khanga mbichi puani,
buti za marehemu kaka.
Watoto wa jirani wananiita Zimwi,
wanakimbia, wanarudi.

Mbele yangu gia ya kinu cha korosho:
meno arobaini, mawili mapengo.
Nabana kishikio.

Kwanza inatoka bluu ya mnunuzi wa mwisho,
yule aliyefunga lango usiku, mishahara ndani.
Chini yake kijani cha ushirika,
kinang'ang'ania kama mjumbe wa kamati.
Chini yake kijivu, sijui cha nani.
Kisha kutu, ganda juu ya ganda, kama kitunguu,
ila hapa anayelia ni chuma.

Halafu mshono.
Mtu alichomelea hapa, zamani. Mnene, umepinda,
umeanza vizuri ukaishia kwa pupa,
kama fundi aliyeitwa kabla hajamaliza.
Hakuna jina. Nani huandika jina lake kwenye gia?
"Tuusage, dada Somoe. Mteja anapenda laini."
Uache.
Umeshika miaka yote hiyo, mimi nani wa kuusuta?

Saa kumi. Gia imepauka
kama goti la mtoto aliyetoka kuchezea vumbi.
Usiiguse! Jasho la kidole kimoja
kesho ni doa jekundu.
Upepo wa bahari umeshaanza kunusanusa uani,
na Mtwara hii chuma hakilali uchi.
Brashi. Praima. Kila jino, kila pengo,
Chinguile amebana simu mdomoni, inamulika,
anataka kusema kitu, hawezi, afadhali.

Usiku napiga mswaki.
Mto Mambi bado uko kinywani.
Natema, nasukutua, natema tena,
kisha napitisha ulimi polepole,
nahesabu meno.